Waandishi wa kikabaila wa Uingereza: kiti cha kurithi, bili za kulipa kwa kalamu

Kuna watu kwenye historia ya Uingereza ambao ukiwasoma mara ya kwanza wanakuvuruga kichwa. Huyu anaitwa Lord na ni mshairi, yule naye ni Lord ila yuko Bunge la Makabwela (la kuchaguliwa kwa kura) badala ya Bunge la Malodi (la makabaila), mwingine ni Sir ameandika riwaya zaidi ya ishirini na uwaziri juu, halafu binti wa mtu aliyetawala India nzima anajifanya mshonaji nguo na kutupwa gerezani Liverpool. Unabaki unajiuliza, hawa jamaa kazi yao ilikuwa ipi hasa, kuandika au siasa?

Ukitaka kuwaelewa fuata hela. Siasa ya Uingereza kwa karne nyingi haikuwa kazi ya kukuingizia kitu, ilikuwa ya kukutoa. Mbunge wa kule alianza kulipwa mshahara mwaka 1911, pauni 400 kwa mwaka, kabla ya hapo unakaa bungeni kwa gharama zako mwenyewe, na uchaguzi wenyewe unakula hela kama moto. Si hivyo tu, kulikuwa na sheria ya mwaka 1710 iliyosema anayetaka ubunge wa kaunti lazima awe na ardhi inayomwingizia pauni 600 kwa mwaka, na wa mji pauni 300, ikakaa hivyo mpaka 1858. Watu waliikwepa kwa ujanja ujanja, jamaa anakuandikishia shamba kwenye karatasi kisha uchaguzi ukiisha mnarudishiana, lakini ujumbe wa sheria ulikuwa wazi, siasa ni ya wenye mashamba. Sasa mtu aliyezaliwa na jina kubwa ila mfukoni hamna kitu anafanyaje? Wengine walioa tajiri. Wengine wakaandika vitabu, na hao ndio tunaowaongelea hapa.

Ila kwanza tuweke sawa hili suala la vyeo, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Ngazi za ulodi ni tano, kutoka juu kwenda chini: duki, markizi, eri, vaikaunti na baroni. Mwenye cheo ni mmoja tu kwa wakati mmoja, huyo ndiye alikuwa anaingia Bunge la Malodi (Scotland na Ireland walikuwa na utaratibu wao, tuuache). Watoto wake wote, hata huyo mkubwa anayesubiri kurithi, kisheria ni raia kama wewe na mimi mpaka baba afariki. Wanaweza kuitwa Lord kwa heshima, ila ni heshima ya mdomoni. Kwa hiyo Lord Randolph Churchill, mtoto wa Duki wa Marlborough, alikuwa Bunge la Makabwela na hakukuwa na ajabu yoyote. Mwanawe Winston hakuwa hata na hilo la mdomoni, jina tu na babu duki, na ndiyo maana alianza kuandika akiwa bado kijana jeshini na hakuacha mpaka uzee. Alipoingia bungeni mara ya kwanza mwaka 1900 fedha za kumweka mjini zilitoka kwenye vitabu, habari za vita na mihadhara. Hata ziara yake ya Afrika Mashariki ya 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, ile ya kushuka Mombasa na kupanda reli ya Uganda akiwa amekaa kwenye benchi mbele ya injini, aliigeuza kuwa makala za jarida na kisha kitabu kilichotoka 1908. Yaani safari ya kiserikali lakini maandishi yanamlipa yeye. Leo hii angeitwa kwenye kamati ya maadili.

Na huyu anayeitwa Sir, akiwa naiti (cheo cha heshima kisichorithiwa) au baroneti, si lodi. Baroneti anarithisha cheo chake lakini hana kiti kokote, akitaka bunge agombee kama wengine. Hilo likumbuke, tutalihitaji.

Tuanze na Byron kwa kuwa ndiye maarufu kuliko wote. Ubaroni aliurithi 1798 akiwa na miaka 10, kutoka kwa kaka wa babu yake, na pamoja na cheo akapata Newstead Abbey, jumba la kale kule Nottinghamshire lililokuwa linaporomoka, na madeni. Alipofika miaka 21, mwaka 1809, akaenda kukalia kiti chake Bunge la Malodi. Hakuna aliyempigia kura, hakuna aliyemfanyia interview, umri umefika basi kiti chako hicho hapo.

Hotuba yake ya kwanza ilikuwa tarehe 27 Februari 1812 na ilikuwa ya maana kweli. Nottinghamshire wafumaji wa soksi walikuwa na hali mbaya, wenye mitambo walikuwa wanatoa soksi za bei chee zenye ubora mbovu kwa wafanyakazi wachache, wengine wote wakakosa mkate, wakaanza kuvamia usiku na kuvunja mitambo kwa nyundo. Serikali ikapeleka wanajeshi, halafu ikaleta muswada kwamba anayevunja mtambo anyongwe. Byron akasimama kupinga. Aliwaambia malodi wenzake kwamba hao mnaowaita kundi la wahuni ndio wanaolima mashamba yenu, ndio wanaotumika majumbani mwenu, ndio waliojaa kwenye jeshi lenu na meli zenu za vita. Kijana wa miaka 24 anaongea hivyo mbele ya watu wenye mashamba ya ukubwa wa wilaya.

Muswada ukapita. Wiki mbili hazijaisha tangu hotuba ile, shairi lake refu la Childe Harold likatoka, nakala 500 za kwanza zikaisha ndani ya siku tatu, na London nzima ikawa inamwongelea yeye. Ukilinganisha hayo mawili yaliyotokea karibu kwa pamoja unaelewa kwa nini siasa ilimchosha haraka, bungeni kaongea ukweli na haukubadilisha hata koma, mtaani kaandika mashairi na kila mlango umefunguka. Alitoa hotuba tatu tu maisha yake yote, ya mwisho 1813, basi.

Kuhusu hela sasa ndipo ilipo burudani. Byron mwanzoni aliona aibu kulipwa, lodi hapokei ujira kama fundi, kwa hiyo haki za Childe Harold akampa ndugu yake wa mbali anayeitwa Dallas, huyo akalipwa pauni 600 na mchapishaji John Murray. Madeni yakazidi kumkaba, aibu ikaisha, baadaye akawa anabishana bei na Murray kama mtu wa sokoni. Newstead yenyewe iliuzwa kwa pauni 94,500. Na jambo moja ambalo halisemwi sana, lodi alikuwa hakamatwi kwa deni, wabunge nao vilevile, wakati raia wa kawaida akidaiwa anawekwa ndani mpaka alipe. Kwa mwandishi mwenye madeni kiti cha bunge kilikuwa na faida hiyo hata kama hufungui mdomo. Aliondoka Uingereza 1816 na hakurudi tena akiwa hai, akafia Missolonghi mwaka 1824 akijaribu kuwasaidia Wagiriki kwenye vita vyao vya uhuru, kwa mkoba wake mwenyewe.

Byron anapewa nafasi kubwa kila sehemu, lakini mimi nadhani ukitaka kuuona mfumo wote unavyofanya kazi soma ukoo mmoja tu, akina Lytton. Vizazi vitatu, wote waandishi, wote siasa, na kila mmoja anamkanusha aliyemtangulia.

Edward Bulwer alizaliwa 1803, mtoto wa tatu wa jenerali. Mtoto wa tatu maana yake mashamba ya baba utayaona kwa macho. Mwaka 1827 akaoa Rosina Wheeler, binti wa Ireland mwenye akili na ulimi mkali, mama yake hakumtaka, akakata ile posho aliyokuwa anampa mwanawe. Basi kijana akakaa chini akaandika, na aliandika kwa kasi ya mtu anayedaiwa kodi ya nyumba, riwaya juu ya riwaya. Kitabu chake cha Siku za Mwisho za Pompeii, 1834, kilisomwa Ulaya nzima, na ule msemo wa kalamu kuwa na nguvu kuliko upanga umetoka kwenye tamthilia yake ya 1839. Hizo hela za riwaya ndizo zilizombeba. 1831 akaingia Bunge la Makabwela, na hapo usimdharau, alifanya kazi.

Wakati huo kila gazeti lilitozwa ushuru wa stempu peni 4 kwa nakala. Kwa kibarua hiyo ni hela ya chakula, na ndiyo ilikuwa nia yenyewe, gazeti libaki la wenye nacho na siasa ibaki yao. Bulwer alisimama bungeni mara kadhaa kutaka ushuru huo ufutwe, akisema ni kodi juu ya maarifa. 1836 ukashushwa hadi peni 1, na 1855 ukafutwa kabisa. Pia ndiye aliyesukuma sheria ya 1833 iliyompa mwandishi wa tamthilia haki ya kulipwa mchezo wake ukioneshwa, kabla ya hapo tamthilia ikishachapwa ukumbi wowote unaichukua na kuiigiza bure. Huyo ni mtu anayejua njaa ya mwandishi, na ametunga sheria kwa kujua.

1838 akapewa ubaroneti, kwa hiyo Sir Edward, na kama tulivyosema baroneti bado yuko Makabwela. 1843 mama akafariki, akarithi Knebworth, jumba na mashamba, akaongeza jina la Lytton. Na ghafla siasa zake zikaanza kubadilika. Alikuwa upande wa wanamageuzi, sasa akaanza kutetea ushuru wa nafaka kutoka nje, ule uliokuwa unawalinda wenye mashamba, na 1852 akarudi bungeni kama Mhafidhina. Yeye alikuwa na maelezo yake marefu, mimi naona tarehe zinajieleza zenyewe.

Juni 1858 akateuliwa waziri wa makoloni. Hapa kuna utaratibu wa ajabu kidogo inabidi ujue, sheria ya wakati huo ilimtaka mbunge akiteuliwa waziri arudi kwanza kwa wapiga kura wake achaguliwe upya. Kwa kawaida ni shughuli ya kupunga mkono tu. Bulwer-Lytton akaenda Hertford, amesimama jukwaani na wapambe wake, na hapo akatokea Rosina. Walikuwa wametengana tangu 1836, watoto kachukua mume, na Rosina naye alikuwa anaandika riwaya, ya 1839 ilimchamba mume wazi wazi kila mtu akajua ni yeye. Siku hiyo mama wa watu alipanda mbele ya umati akaanza kumwaga yote, jinsi alivyotendewa, mume akaona bora aondoke.

Wiki chache baadaye madaktari wawili wakasaini karatasi kwamba Rosina ni kichaa, akachukuliwa London akafungiwa kwenye nyumba binafsi ya wagonjwa wa akili. Sahihi mbili tu, hakuna hakimu, hivyo ndivyo sheria ilivyokuwa. Angeozea humo kama si magazeti. Gazeti moja la Somerset likapiga kelele, Daily Telegraph likadaka, ndani ya kama wiki tatu ikabidi aachiwe. Na Daily Telegraph lilianza mwaka gani? 1855, mwaka ule ule stempu ilipofutwa, lilikuwa gazeti la peni moja ambalo bila vita vile vya kodi ya maarifa lisingekuwepo. Yaani mzee alipigania magazeti ya bei rahisi, na magazeti ya bei rahisi yakaja kumtoa mkewe alikomfungia.

Uwaziri wenyewe ulidumu mwaka mmoja, kubwa lake ni kuanzishwa kwa koloni la British Columbia, Kanada ya leo, baada ya dhahabu kuonekana mto Fraser, kuna mji kule umepewa jina lake la Lytton, ndio ule ulioungua 2021 baada ya joto la karibu nyuzi 50. 1866 akapewa ubaroni, na sasa ndipo akawa Lord Lytton kamili, akahamia Bunge la Malodi. Umeona mlolongo, mtu mmoja kapita mtoto wa tatu asiye na kitu, mbunge, baroneti, waziri, baroni, na kila hatua jina linabadilika. Ndiyo maana kwenye vitabu unamkuta kwa majina manne na unadhani ni watu wanne.

Alifariki 1873 na mwanawe Robert akarithi ubaroni. Robert alikuwa mshairi, anaandika kwa jina la Owen Meredith, na kitabu chake cha Lucile cha 1860 kiliuzwa sana hasa Marekani. Kazi yake ya mkate ilikuwa ubalozi. 1876 Waziri Mkuu Disraeli, ambaye naye ni mwandishi wa riwaya ila hakuzaliwa kabaila, akamtoa ubalozi wa Lisbon akampeleka India kuwa gavana mkuu. Mwandishi anamteua mwandishi kutawala mamilioni ya watu, na wote wawili wanapenda mambo makubwa makubwa ya kuigiza. Tarehe 1 Januari 1877 Lytton akaandaa sherehe Delhi ya kumtangaza Victoria kuwa Malkia Mkuu wa India, mabendera, matarumbeta, wafalme wa kienyeji na tembo wao. Wakati huo huo kusini, upande wa Madras, njaa inaua. Njaa ile ya 1876 hadi 1878 makadirio yanayotajwa sana ni zaidi ya watu milioni 5. Serikali yake ilishikilia kwamba soko la nafaka lisiingiliwe na matumizi yabanwe, afisa aliyetumwa kusimamia, Richard Temple, akashusha posho ya vibarua wa kambi za misaada mpaka pauni 1 ya nafaka kwa siku, chini ya nusu kilo, kwa mtu anayevunja mawe juani.

Magazeti ya lugha za wenyeji, Kibengali na nyinginezo, yakawa yanaandika haya, na yakawa yanaandika pia kuhusu vita vya Afghanistan vilivyokuwa vinanukia. Machi 1878 Lytton akapitisha sheria ya magazeti ya lugha za wenyeji. Hakimu wa wilaya anaweza kumlazimisha mchapishaji aweke dhamana, akiandika kitu ambacho serikali haikipendi dhamana inaliwa na mitambo inachukuliwa, na hakuna kukata rufaa mahakamani. Magazeti ya Kiingereza hayakuguswa! Gazeti la Amrita Bazar Patrika la Calcutta lililokuwa likitoka kwa Kibengali na Kiingereza likageuka haraka kuwa la Kiingereza tupu, sheria ikakosa pa kushika.

Hapo ndipo mimi huwa nasimama kidogo. Baba alijenga jina bungeni kwa kupigania gazeti limfikie mtu wa chini, mtoto ni mshairi, anajua neno lina uzito gani, na anaitumia elimu hiyo hiyo kuziba mdomo wa watu wa chini wa nchi nyingine. Watu hupenda kudhani kwamba mwandishi akipata madaraka atakuwa mpole kwa waandishi wenzake. Si lazima, wakati mwingine ndiye anayejua vizuri zaidi pa kubana. Disraeli aliposhindwa uchaguzi wa 1880 Lytton akajiuzulu, akapandishwa cheo akawa eri, na aliyemfuata, Ripon, akaifuta ile sheria.

Robert aliacha watoto, wawili wanatuhusu. Victor, wa kiume, akarithi ueri na kiti cha Bunge la Malodi. Constance, dada yake mkubwa, aliyezaliwa 1869, hakurithi kiti wala hata kura, maana mwanamke alikuwa hapigi kura ya ubunge awe mwanamfalme awe mfua nguo. Alikaa nyumbani na mama yake mpaka karibu miaka 40, halafu akajiunga na wanawake waliokuwa wanadai kura kwa fujo.

Oktoba 1909 alikamatwa Newcastle kwa kurusha jiwe kwenye gari la mwanasiasa. Gerezani wanawake wale walikuwa wanagoma kula na serikali inawalisha kwa mpira kwa nguvu. Constance akagoma, daktari akampima moyo, akaukuta mbovu, wakamwachia. Kwa nje ni huruma ya kitabibu, yeye akahisi ni jina la Lytton. Akaamua kulijaribu. Januari 1910 akakata nywele, akanunua koti la bei rahisi na miwani, akajiita Jane Warton, mshonaji nguo, akaenda Liverpool akaandamana mpaka akakamatwa. Wiki mbili na kazi ngumu. Akagoma kula, na safari hii hakuna aliyempima moyo, wakamlaza wakambana wakapitisha mpira wa chakula mpaka tumboni, mara 8, moyo ni ule ule uliomtoa Newcastle. Ndugu zake wakapata habari, akatolewa, kashfa ikawa kubwa. Kaka yake Victor kwa mwaka ule ule alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wabunge iliyosukuma muswada wa kura kwa wanawake, muswada ukaletwa 1910, 1911, 1912, haukupita.

1912 Constance akapata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Akajifunza kuandika na wa kushoto, na kitabu chake kuhusu magereza kikatoka 1914 kikiwa na majina mawili ya waandishi, Constance Lytton na Jane Warton. Alifariki 1923, miaka mitano baada ya wanawake wa miaka 30 na kuendelea wenye sifa fulani za mali kupewa kura.

Baada ya hapo mfumo wenyewe ukaanza kugeuzwa. Sheria ya 1958 ilileta ulodi wa maisha, unapewa wewe na ukifa umekwisha, na kwa mara ya kwanza wanawake wakaingia Bunge la Malodi. 1999 malodi wa kurithi wakatolewa karibu wote wakabaki 92. Kwa hiyo siku hizi ukiona Lord au Baroness kwenye jalada la riwaya usikimbilie kudhani ni mtu wa jumba na mashamba, angalia kapewa lini na kwa sheria ipi. P. D. James na Ruth Rendell, waandishi wa riwaya za upelelezi, hakuna aliyezaliwa kwenye ulodi, walipewa ubaroni wa maisha 1991 na 1997, mmoja akakaa upande wa Wahafidhina na mwingine Labour, na walikuwa marafiki. Kwao kitabu ndicho kilicholeta kiti. Rendell ndiye aliyeusimamia kule Bunge la Malodi muswada wa 2003 wa kupiga marufuku ukeketaji, ule uliofanya kuwa kosa kumtoa msichana Uingereza kwenda kumkeketa nje ya nchi, na adhabu ikapanda kutoka miaka 5 hadi 14.